Mita 3.2 za mraba za mlangoni

Saa tatu usiku wa Jumatano, watu wote sita wa nyumbani kwetu wakiwa wamesharudi, nilitoka kibarazani na kalamu nikahesabu viatu. Nilipata jozi 23. Ndala zilikuwa jozi 8, raba 5, viatu vya kazini 4, viatu vya shule 3, mabuti ya mvua jozi 1, na jozi 2 ambazo kila niliyemuuliza alisema si zake. Juu ya rundo hilo ulilala mwavuli uliokuwa bado unachuruzika maji. Funguo za mwanangu mkubwa, zilizotafutwa tangu asubuhi, nilizikuta ndani ya raba ya baba yake.

Wakati huo nilikuwa nimeshapata hasara mara moja. Mwaka uliotangulia nilinunua kabati la viatu la MDF, jeupe, lenye kioo mbele, kwa shilingi 180,000. Lilipendeza kweli. Masika moja tu ilitosha kulimaliza: miguu ilinyonya maji ikavimba kama mkate uliochovywa kwenye chai, milango ikagoma kufunga, na kufikia mwezi wa sita nikalitoa nje. Nililinunua kwa macho. Sikuwa nimepima ukuta, sikuwa nimehesabu viatu, wala sikujiuliza maji ya mvua yanaingilia wapi. Safari hii nilianza na hesabu, na ninaiweka hapa yote kwa sababu karibu kila ninayemtembelea Dar es Salaam ana mlango unaofanana na wa kwangu.

Hesabu ya kwanza ni ya miguu. Si kila kiatu kinastahili kukaa mlangoni. Kinachostahili ni kile kinachovaliwa wiki hiyo. Niliweka kiwango cha jozi mbili kwa mtu, kwa hiyo sita mara mbili, jozi 12. Zile 11 zilizobaki zilirudi vyumbani au zikagawiwa. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3, na kwa kipimo hicho nyumba ya kawaida inahitaji nafasi ya jozi 9.

Namba iliyoandikwa kwenye soli nayo ni kipimo, ingawa wengi hatujui. Katika mfumo wa namba tunazozizoea madukani, kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Kiatu namba 42 kimeshonwa juu ya kalibu ya sentimita 28, na ukiongeza unene wa ngozi na soli unafika kama sentimita 30. Jozi ikipangwa sambamba inachukua upana wa kama sentimita 22. Jozi 12 mara sentimita 22 ni sentimita 264. Zikipangwa mstari mmoja sakafuni zinazidi ukuta wowote nilio nao pale nje. Zikipangwa ghorofa mbili, mstari unashuka hadi sentimita 132, na hapo ndipo urefu wa benchi langu ulipotoka: sentimita 140, viatu chini, watu juu.

Kimo cha benchi alikipanga mama mkwe. Magoti yake yanamsumbua, na kwa miaka alikuwa akivua viatu kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika grili. Nilimwomba akae kwenye kigoda, kisha kwenye kiti cha plastiki, kisha kwenye ukingo wa kitanda, nikapima kila kimo kwa futi kamba. "Hapa, mwanangu," alisema alipokaa kwenye kimo cha sentimita 45, akainuka bila kushika kitu. Seremala yeye anahesabu kwa inchi. Mwambie 18 atakuelewa. Ukiacha sentimita 5 chini ili ufagio upite, ukatoa unene wa mbao tatu, kila ghorofa ya viatu inabaki na uwazi wa sentimita 17. Ndala, raba na viatu vya shule vinaingia vizuri. Mabuti ya mvua hayaingii. Yanakaa pembeni pamoja na ndoo ya miavuli.

Sasa mbao. Plaiwudi ya kustahimili maji huuzwa kwa futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, na ya unene wa milimita 18 niliinunua kwa shilingi 115,000. Seremala wangu aliniambia kazi hii inataka karatasi mbili. Nilimwomba alaze moja sakafuni, tukachora kwa chaki kabla ya msumeno kugusa kitu. Benchi lina kina cha sentimita 35. Upana wa 122 unatoa vipande vitatu virefu vya 35 na unabakiza ukanda wa kama sentimita 17. Kila kipande kirefu cha 244 kinatoa ubao mmoja wa 140, na kile kinachobaki, sentimita 104, kinatosha miguu miwili ya 45. Nilihitaji mbao tatu na miguu mitatu, miwili pembeni na mmoja katikati usiache mbao zipinde. Chaki ilionyesha kuwa naweza kupata hata miguu sita. Ule ukanda wa 17 nao haukutupwa: tuliukata mara mbili, wa sentimita 140 kwa kulabu za wakubwa na wa 104 kwa za watoto. Seremala alisimama akauangalia ule mchoro, akacheka, akasema, "Mama, basi tuanze." Robo saa ya chaki iliniokolea shilingi 115,000.

Kulabu ziko 10. Sita za wakubwa ziko ukutani juu ya benchi, kwenye kimo cha sentimita 160, na zinabeba mabaibui, mitandio, kofia na kanzu ya Ijumaa. Nne za watoto ziko kwenye ukuta mfupi wa upande wa pili, kimo cha sentimita 105. Hili la watoto nalisisitiza. Begi la shule halikuwa likitupwa sakafuni kwa ukaidi. Mtoto alikuwa hafikii msumari. Tangu kulabu ishuke, nimeacha kugombana naye.

Sakafu ndiyo sehemu ambayo sentimita chache hubadilisha kazi nzima. Fundi wa vigae alipendekeza kibaraza cha sentimita 210 kwa 170. "Mama, ongeza kumi kumi kila upande, patakuwa papana." Nilikaa nikapiga hesabu. Vigae vilikuwa vya 40 kwa 40, na boksi nililonunua lilikuwa na vigae 12. Kibaraza cha 200 kwa 160 kinachukua vitano kwa vinne, vigae 20 kamili bila kukata hata kimoja, na kwenye maboksi mawili vinabaki 4 vya akiba. Kile cha fundi kingetaka vile vile 20, pamoja na vipande 10 vyembamba vya kuzungushia kingo mbili, ambavyo vinakula vigae vingine 3. Ningebaki na akiba ya kigae kimoja, na kimoja tu kikivunjika kwenye kukata kingine kikivunjika kwenye kubeba, natafuta boksi la tatu. Juu ya hapo, ukanda wa sentimita 10 kwenye kingo hauvutii jicho. Urembo wa sakafu ndogo huanzia kwenye vigae vizima. Tulimwaga 200 kwa 160, mita za mraba 3.2.

Chagua kigae cha uso mkavu, kisichong'aa. Kile kinachong'aa dukani ndicho kinachomwangusha mgeni siku ya mvua. Sakafu tuliipa mteremko wa sentimita 2 kutoka kizingiti hadi ukingo wa nje, kiasi ambacho jicho halikioni lakini maji yanakitambua.

Na maji ni mengi. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikishuka wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kibaraza cha mita 3.2 kisichoezekwa kinamwagiwa lita zaidi ya 3,200 kwa mwaka, sawa na ndoo 160 za lita 20, mbele ya mlango wako, juu ya viatu vyako. Kama kibaraza chako hakina paa, usinunue benchi wala kioo. Anza na bati. Mimi nilibahatika kukuta paa tayari.

Waliojenga pwani hii kabla yetu waliupa mlango uzito mkubwa kuliko tunavyoupa sisi. Katika nyumba za mawe za Lamu, mji uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, mgeni hufikia kwanza daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe vinavyotazamana. Hapo huketi, hapo huzungumza. Akikaribishwa hupita tekani, yaani kipito cha ndani ya mlango, ndipo afike kiwandani, yaani ua wa ndani, na njia imepindishwa ili mpita njia asione ndani. Nyumba zile hazikuwa na upana wa kuchezea: chumba kilikuwa na mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu urefu wa boriti za mikoko ulikuwa na kikomo. Hata hivyo daka lilitengewa nafasi yake. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo nayo ilikuwa na baraza mbele na ukumbi katikati. Ramani nyingi za leo zimeondoa vyote viwili. Mlango unafunguka moja kwa moja sebuleni, na mchanga unaingia na mgeni hadi kwenye zulia.

Gharama sasa, kama nilivyolipa mimi. Sakafu: maboksi mawili ya vigae kwa 34,000 kila moja ni 68,000, saruji, mchanga na grauti 31,000, fundi 40,000. Jumla 139,000. Benchi na mbao za kulabu: plaiwudi 115,000, skrubu, rangi na vanishi 37,000, seremala 60,000. Jumla 212,000. Vitu vidogo: kulabu 10 kwa 25,000, kioo 25,000, vifuta miguu viwili 18,000, taa 15,000 na ndoo ya miavuli 6,000, jumla 89,000. Usafiri wa guta 15,000. Vyote pamoja ni shilingi 455,000.

Tazama mgawanyo wake. Benchi na sakafu vimekula asilimia 77 ya fedha zote. Kioo na taa, vile vinavyosifiwa kwanza na kila mgeni, havifiki asilimia 9. Watu wengi hugeuza mpangilio huu: wananunua kioo kikubwa na maua ya plastiki, halafu viatu vinabaki sakafuni chini ya kioo. Ukipungukiwa fedha, punguza kioo. Usipunguze vanishi ya kingo za mbao, maana maji huingilia hapo. Benchi hili likidumu miaka mitano tu, kazi yote imenigharimu shilingi 91,000 kwa mwaka, karibu nusu ya lile kabati lililokufa kwa masika moja.

Aliyepanga chumba kimoja hana kibaraza, lakini hesabu ni ile ile. Jozi 9 kwenye rafu ya chuma ya ghorofa tatu, jozi tatu kila ghorofa, zinataka upana wa sentimita 66 na kina cha 32. Hiyo ni mita ya mraba 0.21 tu ya sakafu. Rafu 25,000, kulabu nne 10,000, kifuta miguu 9,000: shilingi 44,000. Kitu cha kuangalia ni mlango wenyewe. Mlango wa sentimita 90 unaofungukia ndani hufagia robo duara ya mita ya mraba 0.64, mara tatu ya nafasi ya rafu. Chora robo duara hiyo kwa chaki kwanza, rafu iwekwe nje ya mstari. Na viatu visilale nje usiku. Asubuhi huenda usivikute.

Kuna siku ambayo hakuna kibaraza kitakachotosha. Siku ya maulidi au arobaini, wageni 40 huacha jozi 40, na kila jozi ikichukua sentimita 22 kwa 30, viatu peke yake vinajaza mita za mraba 2.64. Kwangu pangebaki kama nusu mita ya mraba tu ya kupitia. Usijenge kwa ajili ya siku hiyo. Tandika mkeka wa zamani uani, mweke kijana mmoja awapangie wageni viatu vyao, na benchi waachie wazee.

Kama ramani ya nyumba yako bado iko mezani, angalia jambo moja. Katika nyumba ya mita za mraba 90, kibaraza cha mita 3.2 ni chini ya asilimia 4. Mwambie mchoraji akitenge sasa, na paa lake juu, wakati mstari bado unafutika kwa kifutio.