Cheti cha Ubora si Pambo la Ukutani

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli pale muuzaji na mnunuzi wanapojuana. Mama wa Ruhuwiko anunuaye unga kwa jirani yake haulizi cheti, maana amjua msagaji na mashine yake. Lakini gunia likishatoka Songea na kuvuka mpaka, msagaji hana tena amjuaye. Huko chema hakijiuzi mpaka kiwe na shahidi.

Somo hilo tulilipata mwaka 2021. Tarehe 5 Machi, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu katika nafaka. Siku chache baadaye ilifungua mlango, kwa sharti kwamba shehena iwe na cheti kuthibitisha kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika bilioni. Katika zuio lile mahindi mema na mabaya yalisimamishwa pamoja. Kwa mkoa wa Ruvuma, unaotegemea mahindi, jambo hilo si dogo.

Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, hutoa alama ya ubora kwa bidhaa. Cheti cha ISO 9001, ambacho kanuni zake zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1987, ni jambo jingine. Hicho hakisemi kuwa unga huu ni mzuri; husema kuwa kiwanda hiki kina utaratibu wa kazi, huweka kumbukumbu, na kosa likitokea hutafuta chanzo chake ili lisirudi. Huishi miaka 3, na kila mwaka wakaguzi hurudi.

Mwaka wa kwanza mwenye kiwanda huona gharama tu. Faida huja polepole. Mahindi mabichi hukataliwa mlangoni kabla hayajaharibu mengine. Gunia bovu hujulikana lilikotoka. Fundi akihama, ujuzi wake hubaki kitabuni.

Na mfanyakazi je? Mwaka 2010 wataalamu wawili, David Levine na Michael Toffel, walitoa uchunguzi wao juu ya kampuni za California, Marekani, zilizopata cheti hicho. Zikilinganishwa na nyingine za namna yake, kampuni hizo zilidumu zaidi, ziliuza zaidi, ziliongeza ajira zaidi, na mapato ya wafanyakazi wake yalikua zaidi.

Basi twawaambia wenye viwanda: kumbukumbu zinazoandikwa usiku wa kuamkia ukaguzi ni udanganyifu, na hasara yake mtailipa sokoni. Nanyi ndugu wafanyakazi, kipimo mnachokisoma na kukiandika kwa uaminifu kila asubuhi ndicho cheti chenyewe. Karatasi iliyo ukutani ni kivuli chake tu.