Ngozi Isiyoandikwa Kwenye Cheti cha Kifo

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kuhusu soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa kudumu unaoleta mabaka mazito yenye magamba meupe kwenye viwiko, magoti, mgongo na kichwa. Hauambukizi na hauna dawa ya kuuponya moja kwa moja. Ripoti hiyo ilipanga nchi kwa wingi wa wagonjwa. Kileleni ilikaa Norway, asilimia 11.43. Mkiani ikakaa Tanzania, asilimia 0.09, yaani mtu mmoja katika kila watu 1,100 hivi.

Kabla hatujashangilia, tuulize namba hiyo imetoka wapi. Imetoka kwenye uchunguzi wa vijijini uliochapishwa mwaka 1996, ambao ulikuta zaidi ya robo ya watu wana tatizo fulani la ngozi, mengi yakiwa ya kuambukiza. Idadi ya waliopimwa ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgonjwa mmoja zaidi angekuwepo nyumbani siku hiyo badala ya shambani, takwimu ya taifa ingepanda maradufu.

Sasa twende Madibira, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, kwenye skimu ya mpunga ya hekta 3,000 hivi inayonyweshwa na mto Ndembera. Kazi ya huko inafanywa na ngozi pia: miguu inashinda kwenye maji ya majaruba, majani ya mpunga yanakwaruza mikono, jua la Usangu liko mgongoni. Soriasisi ina tabia ya kuota upya palepale ngozi ilipojeruhiwa. Jua, kwa upande wake, huwasaidia wagonjwa wengi, maana hata hospitali zenye mitambo hutibu ugonjwa huu kwa mwanga wa aina hiyo. Mwenye mabaka ataambiwa ana pumu ya ngozi, mwingine atasema ni fangasi, na hakosekani wa kusema kuna mkono wa mtu. Tiba ya kwanza ni tyubu ya duka la dawa. Hospitali, Rujewa au Mafinga, ataenda pale mambo yatakapomshinda.

Je, soriasisi inaua? Hapa ndipo wengi hutabasamu, kwa sababu nani amewahi kwenda kwenye msiba wa mtu aliyekufa kwa magamba? Lakini utafiti wa kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta kwamba wanaume wenye soriasisi kali walikufa wakiwa na umri mdogo kwa miaka 3.5 kuliko wasio nayo, na wanawake miaka 4.4. Sababu kubwa inajulikana. Kinga ya mwili imeugeukia mwili wenyewe, na moto huo hauishii kwenye ngozi. Unafika kwenye viungo na kwenye mishipa ya damu, na wagonjwa hawa huandamwa kuliko wengine na shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo.

Basi fikiria mkulima aliyeishi na mabaka kwa miaka 20, akaanguka kwa mshtuko wa moyo. Fomu ya kimataifa ya sababu za kifo ina sehemu mbili. Ya kwanza inataka mnyororo wa matukio: kilichomaliza uhai, kilichosababisha hicho, hadi chanzo. Ya pili ni ya maradhi mengine yaliyochangia. Takwimu za taifa kwa kawaida huhesabu chanzo kimoja tu, na kwa mkulima wetu kitahesabiwa moyo. Soriasisi ilipaswa angalau kuonekana kwenye sehemu ya pili, ambayo daktari mwenye foleni mlangoni huiacha tupu. Na hapo tunamzungumzia aliyefia hospitali. Aliyefia nyumbani anazikwa kwa kibali cha mtendaji wa kijiji, na maelezo ya familia ni kwamba marehemu alikuwa akilalamika kifua.

Watafiti wetu waliwahi kupitia vifo 247,976 vya hospitali 39 nchini, vya mwaka 2006 hadi 2015. Vilivyoongoza ni malaria, maradhi ya njia ya hewa, UKIMWI, upungufu wa damu, kisha moyo na mishipa. Ngozi haimo kati ya hivyo vitano, na sikutegemea iwemo. Ninachosema ni kwamba huenda baadhi ya waliokufa kwa moyo walifika na ngozi iliyokuwa imeshatoa taarifa miaka mingi kabla.

UKIMWI nao una mkono wake. Virusi huichochea soriasisi na kuifanya kali, na nyanda hizi zimebeba mzigo mkubwa: utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.3 kwa watu wazima wa Iringa na 9.3 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama 5. Soriasisi inayolipuka ghafla kwa mtu mzima ni sababu tosha ya kupima.

Vipo pia vifo vya dawa, na hivi vinaniuma zaidi kwa kuwa vinazuilika. Anayemeza predinisoloni kwa muda mrefu akaiacha ghafla, ngozi yake inaweza kuwaka mwili mzima, akapoteza joto na maji, vijidudu vikaingia kwenye damu. Methotreksati, dawa ya soriasisi iliyo nzuri na ya bei nafuu, humezwa mara moja kwa wiki. Mtu akiimeza kila siku huharibu uboho, na dalili ya mwanzo ni vidonda mdomoni.

Tangu 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha matabibu wa ngazi ya wilaya kutambua maradhi haya. Mbarali inawahitaji watu hao, wakiwa na kipimo cha presha mezani pamoja na tyubu ya dawa. Madaktari, jazeni sehemu ya pili ya fomu. Nawe msomaji mwenye ndugu wa magamba, mpeleke akapime presha, sukari na virusi, na kama amepewa methotreksati, mchagulieni siku moja ya juma na muiandike ukutani.