Kalamu ya mpingo haihitaji mti mzima

Mpingo hukua polepole mno. Mti wa kuvunwa waweza kuwa na miaka 70 na zaidi. Ndiyo maana inauma kuona masalia ya karakana za vinyago yakiishia jikoni, wakati kalamu inataka kipande cha sentimita 13 hivi tu, unene wa kidole gumba.

Ila kazi yenyewe si lelemama. Kipande hukatwa viwili, kila kimoja kikatobolewa tundu la milimita 7 la kupitisha mrija wa shaba. Hapo ndo wengi huharibu: ukikimbiza keekee bila kuipumzisha, mti unashika moto ndani na kupasuka. Tena mpingo una mafuta, gundi haishiki vizuri mpaka uupanguse kwa spiriti. Ndipo uufunge kwenye mashine ya kukereza, upunguze kwa patasi, halafu msasa, halafu nta. Na barakoa jamani, vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua.

Ukiuziwa kalamu nyeusi tii lakini nyepesi, shtuka: pengine ni mti mwingine uliopakwa dawa ya viatu. Mpingo ni mzito, kipande chake huzama majini, na ukiutazama juani weusi wake una mistari ya kahawia.