Wingu Lisihesabiwe Kuwa Ukame

Dalili ya mvua ni mawingu, walinena wahenga. Ajabu ni kwamba katika picha za setilaiti, wingu lisipotengwa mapema huweza kugeuka dalili ya ukame. Wiki hii, ndugu wasikilizaji, tuitazame kazi inayozuia kioja hicho, nayo ni kutengeneza maski ya picha.

Je, jambo hili linamhusu nani? Mwaka 2010 wafugaji wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya, walianza kuuziwa bima ya mifugo ya aina mpya. Hakuna mkaguzi aliyetumwa kuhesabu mizoga. Setilaiti ilipima ukijani wa malisho, na kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, mfugaji alilipwa. Shahidi, basi, ni picha. Shahidi asipoona vyema, hukumu itakuwaje?

Picha ya setilaiti ni kama jamvi lililoshonwa kwa viraka vya mraba viitwavyo pikseli. Katika setilaiti za Marekani za Landsat, pikseli ya kawaida huwakilisha mita 30 kwa 30 za ardhi. Ukijani hukadiriwa kwa kulinganisha mwanga mwekundu, ambao majani huufyonza, na mwanga wa infraredi, ambao majani huurudisha kwa wingi. Wingu huirudisha yote miwili karibu sawa, na kompyuta hudhani imeona ardhi isiyo na majani.

Tuseme tuna pikseli kumi. Sita zina malisho yenye kipimo cha 0.5, na nne zimefunikwa na wingu, kipimo 0.1. Ukizijumlisha zote, wastani ni 0.34. Ukiyatoa mawingu, ni 0.5. Malisho ni yaleyale, lakini majibu ni mawili.

Hapo ndipo maski inapofanya kazi ya chekeche. Ni picha ya pili, yenye ukubwa uleule, ambayo kila pikseli yake hujibu swali moja tu: namba hii ihesabiwe au iachwe? Katika GDAL, programu ya bure iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998, 0 maana yake ni acha, na 255 ni tumia.

Programu hiyo haihitaji kubonyeza vialama kwa kipanya. Mtaalamu huandika amri kwa maneno: soma faili hili, kila penye alama ya wingu, kivuli au ukingo usio na picha weka 0, kwingine weka 255, kisha hifadhi faili jipya. Alama zenyewe huwa zimekwisha kuwekwa, kwani picha za Landsat huja na tabaka linaloeleza hali ya kila pikseli. Amri ikishaandikwa, huweza kurudiwa kwa picha elfu moja bila mkono kuchoka. Zaidi ya hayo, mtu mwingine anaweza kuisoma na kuikagua, jambo lisilowezekana kwa kazi ya kubonyezabonyeza.

Lakini maski nayo hukosea. Mchanga mweupe na mapaa ya mabati yanayong'aa huweza kudhaniwa kuwa wingu. Ikiwa ardhi tupu itatupwa namna hiyo, zitakazobaki ni pikseli za kijani, wastani utapanda, na mfugaji aliyepoteza ng'ombe ataambiwa kuwa malisho yapo. Kosa la kwanza humwumiza mwenye bima kwa kulipa pasipo ukame. Hili la pili humwumiza mfugaji.

Dawa si ngumu. Maski iwekwe juu ya picha yake na mtu aitazame kwa macho kabla ya hesabu kufanywa. Na kila taarifa ya ukame itaje ni pikseli ngapi zilizoachwa, na kwa sababu gani. Mfugaji hana kompyuta, lakini ana haki ya kujua ni sehemu gani ya malisho yake iliyoonekana, na ni ipi iliyofichwa.