Elektroni Husimama Wapi?

Kila mwanafunzi wa kemia aweza kutuambia kwamba atomu ya sodiamu ina elektroni 11, nazo hupangwa katika ngazi: 2, 8, 1. Lakini ukimwuliza, "Nani aliyeziona ngazi hizo?" hunyamaza, au husema kwamba ndivyo kitabu kisemavyo. Jibu hilo halitoshi. Ushahidi upo, na sehemu yake iko jikoni mwetu hapa Dzaleka.

Sufuria ya maharagwe ifurikapo, maji ya chumvi yakamwagikia mkaa, ndimi za moto hugeuka manjano mara moja. Manjano hayo ni ya sodiamu iliyomo katika chumvi. Sasa ingia katika chumba chenye giza na sidii kuukuu, utazame ndani yake mwanga wa mshumaa. Utaona rangi zote za upinde wa mvua zikifuatana bila pengo. Kisha tazama mwali wa taa ya spiriti ulionyunyiziwa chumvi. Utaona karibu manjano tupu.

Kwa nini? Mwaka 1913 Niels Bohr wa Denmark, alipokuwa akieleza mwanga wa haidrojeni, alisema kwamba elektroni ni kama mtu aliyepanda ngazi: husimama juu ya kipago, wala si kati ya kipago na kipago. Katika sodiamu, moto huipandisha elektroni ya nje. Irudipo chini hutoa mwanga wenye nguvu sawasawa na tofauti ya vipago viwili. Kama ingeweza kusimama popote, tungeona rangi zote.

Mwenye shaka atasema, "Huo ni ushahidi wa mwanga tu." Basi na aje shahidi wa pili. Mwaka 1914, huko Ujerumani, James Franck na Gustav Hertz walizipitisha elektroni katika mvuke wa zebaki ndani ya chombo cha kioo.

Ili tufahamu walichokiona, twende soko la Tsoka, Lilongwe, kwa mwuza mashati asiyepunguza bei. Shati ni kwacha 5,000. Ukiwa na pungufu, utaondoka na fedha zako zote. Zikitimia, utaziacha kwake. Zebaki ni mwuzaji wa namna hiyo. Elektroni zilizosukumwa kwa volti chini ya 4.9 ziligonga atomu zikaondoka na karibu nguvu zao zote. Zilipofika volti 4.9, ziliiacha nguvu yao hapo, na umeme katika chombo ukashuka ghafula. Ulishuka tena karibu na 9.8, kwa kuwa elektroni moja sasa iliweza kununua mara mbili. Na zebaki ilipoirudisha nguvu hiyo, ilitoa mwanga usioonekana kwa macho, ambao kipimo chake ni kile kile, 4.9.

Mashahidi wawili wasiofanana wamesema neno moja. Basi ndugu zangu, tuandikapo 2, 8, 1 katika mtihani, tusiandike kama kasuku. Tuikumbuke sufuria ya maharagwe.