Dada wa Homa Bay, kabla ununue kitabu cha kujijenga soma hapa

Pita stendi ya magari hapa Homa Bay mjini jioni, pale wauzaji wanapotandika turubai chini, utaona vitabu vile vile vilivyo kila mji wa Kenya. Rich Dad Poor Dad hakikosi. Becoming cha Michelle Obama kiko, jalada limepauka kwa jua. Kuna vya kukufunza kufikiri kitajiri na vya kumshika mume asitoroke. Vingi ni nakala zilizochapwa kichinichini, kurasa zimepinda, lakini zinaenda haraka kwa sababu kitabu halisi kutoka nje hupita elfu moja kwa urahisi, na tangu 2013 vitabu hutozwa VAT ya asilimia 16.

Wanaosimama hapo kuchagua, wengi ninaowaona ni wadada wa rika langu. Mmoja ana mtoto mgongoni, mwingine amemwacha kwa nyanyake. Pesa iliyo mkononi ilikuwa ya unga na sukari. Sasa ukiitoa kwa kitabu, na kitabu chenyewe hakijui unaishi wapi, hapo umepigwa mara mbili. Mimi chuo niliachia mwaka wa pili karo ilipokwama, na kutoka hapo vitabu ndivyo vimekuwa mwalimu wangu, kwa hivyo hili jambo nalichukulia kwa uzito.

Tuanze na pesa, kwa sababu huko ndiko wengi huanzia. Kiyosaki ana neno moja la maana, kwamba ujue kinachokuingizia pesa na kinachokutoa pesa. Baada ya hapo anaongea sana juu ya nyumba za kukodisha Marekani, na sisi wengine bado tunasumbuana na landlord wa chumba kimoja. Afadhali The Smart Money Woman cha Arese Ugwu, Mnigeria, kilichotoka 2016. Kinamfuata dada anaitwa Zuri, yuko Lagos, ana kazi ya maana na nguo za maana, lakini akaunti imekauka. Ni hadithi, inasomeka kama udaku, na kila sura inamalizika na mazoezi ya kufanya. Hicho nakipendekeza bila kusita.

Lakini kuna shida. Rafiki yangu mmoja huuza omena. Nilimpa nakala yangu, akairudisha baada ya wiki mbili akicheka. "Huyu Zuri shida yake ni viatu," akaniambia. "Shida yangu mimi ni mwezi."

Kama hujakulia ziwani, ngoja nikueleze. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri giza likiwa totoro. Mwezi ukijaa, samaki hawakusanyiki, mitumbwi inalala, na mwanamke aliye ufuoni na karai lake hana cha kuanika. Halafu kuna ile marufuku ya kila mwaka ya kuvua omena, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, ili samaki wazaane. Vitabu vyote vya pesa vinahesabu mwezi wa kalenda: mshahara unaingia tarehe fulani, toa asilimia fulani, weka. Huku kwetu anayelipa mshahara ni mwezi wa mbinguni, na huyo hana tarehe.

Kwa hivyo tulikaa chini na kalamu tukabadilisha hayo mazoezi. Badala ya kuweka akiba kila mwisho wa mwezi, yeye huweka kila msimu wa giza, siku zile omena ni tele, na kitu huingia kwa chama kabla haijafika kwa simu. Vitabu husema uwe na akiba ya dharura ya miezi kadhaa. Kwake jibu liko wazi, ni ile minne ya marufuku. Akifika Aprili na karo ya mtoto iko kando, hatalazimika kukopa Fuliza ili kulipa Fuliza. Na kuna lingine kubwa zaidi ya riba. Mwanamke asiye na pesa yake wakati samaki ni haba ndiye huambiwa na mvuvi kwamba bei si shilingi, bei ni mwili. Jaboya tunaijua wote hapa, hatuhitaji kunong'ona. Akiba ya mwanamke wa ufuoni ni ulinzi wake, na sijaona kitabu cha stendi kinachoweka jambo hilo hata kwa sentensi moja.

Kuhusu The 5 AM Club cha Robin Sharma, kile cha kuamka saa kumi na moja alfajiri ili ufanikiwe, nitasema tu kwamba mama wa ufuoni saa hiyo ameshapanga bei na mvuvi. Kama kuamka mapema ndiyo siri, wangekuwa mabilionea.

Sasa kitabu ambacho karibu kila mama hapa anacho na hakimgharimu kitu cha maana: kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Usicheke. Tunakibeba ndani ya karatasi ya plastiki, tunampa nesi, anaandika, tunarudisha kwa mkoba. Ni wangapi wameketi wakakisoma? Ndani kuna dalili za hatari kwa mjamzito, kuna jinsi ya kumlisha mtoto, kuna ule mchoro wa uzito ambao mstari wake ukianza kulala ujue kuna jambo, hata kama mtoto anacheza. Kuna ratiba ya chanjo pia. Na hapa tuna sababu ya kuwa makini, kwa sababu chanjo ya malaria ilizinduliwa Kenya mnamo Septemba 2019 katika kaunti hii yetu ya Homa Bay. Ni dozi nne, na ya mwisho huja mtoto ameshatembea, ameanza kuongea, na mama amesahau njia ya kliniki. Ukurasa wa kijitabu ndio unaokumbuka. Kwa wanaoishi mbali na hospitali, ongeza Mahali Pasipo na Daktari, tafsiri ya kile kitabu maarufu cha David Werner. Ni cha zamani, kwa hivyo majina na vipimo vya dawa usivifuate bila kumuuliza daktari, lakini kwa kuhara, homa na usafi kinaeleza kwa lugha ya mtu wa kawaida.

Kama una pesa ya kitabu kimoja tu mwaka huu, chukua The River and the Source cha Margaret Ogola. Najua, najua, ulikisoma shuleni ukapigwa maswali ya wahusika na maudhui mpaka ukakichukia. Kisome tena ukiwa mama. Ogola alikuwa daktari wa watoto na mama mwenye familia, na kitabu kilitoka 1994, kikashinda tuzo ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza upande wa Afrika mwaka uliofuata. Akoko, binti wa chifu wa Yimbo, anaolewa Sakwa, anafanya kazi, anatajirika kwa jasho lake, na mumewe na mwanawe wakishafariki, shemeji anakalia kiti na mali. Anafanya nini? Hakai kwa jikoni kulia. Anafunga safari mpaka Kisumu kumkabili mkubwa wa serikali ya kikoloni na kudai haki. Sasa niambie, ni mara ngapi umesikia hiyo kesi hapa Ndhiwa au Rachuonyo, mjane anaambiwa shamba ni la ukoo? Katiba ya 2010, kifungu cha 45, inasema mume na mke wana haki sawa ndani ya ndoa na hata ndoa ikivunjika. Akoko hakuwa na katiba. Alikuwa na miguu na mdomo.

Marjorie Oludhe Macgoye naye ana Coming to Birth, cha 1986. Paulina anafika Nairobi kwa treni akiwa na miaka 16, mja mzito, anapoteza mimba, anapotea mjini. Kinauma, hasa kama umewahi kupoteza mtoto na watu wakakuambia tu utapata mwingine. Msome siku ambayo una nguvu.

Kwa wenye mabinti: Dear Ijeawele cha Chimamanda Ngozi Adichie. Ni kidogo, unakimaliza kwa safari ya matatu kwenda Kisumu. Rafiki yake alimuuliza atamleaje mtoto wa kike, naye akamjibu kwa barua yenye mapendekezo 15. Mengine utabishana nayo, mimi mwenyewe kuna mawili matatu nimeyapinga kwa kalamu pembeni, lakini anapogusa suala la baba kulea mtoto wake bila kusifiwa kama amesaidia, hapo ningependa wanaume wa boda wasomewe kwa sauti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba Homa Bay, wasichana 23 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba, na kitaifa ni 15. Hao ni wadogo zetu. Mwongozo wa serikali wa 2020 unamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na wazazi wengine bado hawajui. Ukimpa mmoja wao kitabu, mpe na hiyo habari.

Na wanaodhani ushauri kwa wanawake ulianzia Marekani, mwaka wa 1858 kule Pate, Mwana Kupona akiwa mgonjwa alimtungia bintiye utenzi mzima wa wosia. Sehemu za kumtii mume zitakukasirisha. Zisome hivyo hivyo, halafu uulize wewe ungemwandikia binti yako nini.

Pesa ya kununua? Sisi tuko wadada sita, kila mmoja hutoa shilingi mia mbili, tunanunua kimoja halisi na kinazunguka wiki kwa wiki. Mwenye nacho huandika jina na tarehe ndani ya jalada. Cha Ogola kiko mkononi mwa yule wa omena sasa hivi, na amesema harudishi mpaka mwezi upungue.