Dawa zinazohesabiwa Goma na zisizohesabiwa

Mfumo wa taifa wa kufuatilia dawa hujibu maswali mawili: dawa kiasi gani imetumika, na imewafanyia nini walioimeza. Nchini Kongo kila swali lina njia yake, na iliyo imara ni ya kwanza tu.

Njia hiyo huanzia kwenye fishi ya stoki. Katika kituo cha afya cha Goma, muuguzi huandika makopo yaliyoingia, vidonge vilivyotoka, vilivyobaki, na siku ambazo dawa ilikosekana. Mwisho wa mwezi hesabu hizo huingia katika ripoti ya kituo, hupelekwa ofisi kuu ya zoni ya afya, kisha huingizwa katika DHIS2, programu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo ambayo Kongo huitumia kwa takwimu zake za afya. Kivu Kaskazini, mkoa ulipo mji wa Goma, ina zoni 34 kati ya 519 za nchi nzima. Goma pia ina ASRAMES, bohari ya mkoa ya dawa muhimu, hivyo kilichotoka bohari kinaweza kulinganishwa na kilichoandikwa vituoni.

Dawa nyingi za mjini, hata hivyo, hazipiti humo. Mwenye homa huingia famasi ya mtaani, akanunua kwinini au amoksisilini bila karatasi ya daktari, na mauzo hayo hayafiki kwenye ripoti ya zoni. Hata dawa ya kituoni huhesabiwa kama kidonge kilichotoka kabatini; aliyekimeza hajulikani. Nchini Sweden, tangu Julai 2005, kila dawa inayotolewa famasi kwa agizo la daktari huandikwa pamoja na namba ya utambulisho ya mgonjwa. Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984, na haina namba ya namna hiyo ya kumfuata mgonjwa kutoka kituo hadi kituo.

Njia ya pili ni ya taarifa za madhara. Mwaka 2010 Kongo ilijiunga na mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanzishwa mwaka 1968, baada ya talidomidi kusababisha ulemavu kwa maelfu ya watoto. Taarifa hukusanywa na kituo cha taifa, kisha hutumwa Uppsala, Sweden, kwenye hazina ya VigiBase. Fomu inahitaji mambo manne tu: mgonjwa, dawa inayoshukiwa, madhara, na anayetoa taarifa. Namba ya loti, ile iliyochapwa kwenye kopo, ina thamani kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu bila hiyo haijulikani kopo lipi liondolewe sokoni. Vidonge vikishamiminwa ndani ya kifuko cha plastiki, namba hiyo imepotea.

Ituri, jirani ya Kivu Kaskazini, ilionyesha gharama ya njia hii ya pili kuwa dhaifu. Kuanzia Desemba 2014 watu walifikishwa hospitali shingo zimepinda, misuli ya uso imekakamaa na ulimi umetoka nje, wakiwemo watoto wengi wadogo. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Hadi Agosti 2015 wagonjwa walikuwa wamezidi 1,000. Uchunguzi wa mkojo na wa vidonge, uliohusisha Madaktari Wasio na Mipaka, ulibaini kwamba vidonge vilivyouzwa kama diazepamu vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, miligramu 10 hadi 20 katika kila kidonge. Mtoto mdogo hapaswi kupewa kiasi hicho kwa hali yoyote.

Fishi za stoki zisingeweza kuliona tatizo hilo: kwenye daftari, diazepamu imeingia na diazepamu imetoka. Lilionekana pale tu wagonjwa na vidonge vyao vilipochunguzwa pamoja, na tahadhari ya kimataifa ilitolewa Julai 2015, takriban miezi saba baada ya wagonjwa wa kwanza.